Ukuta wa Besimenti Ukibenuka: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Maneno haya yanamhusu aliyenunua nyumba Fargo, Moorhead, Winnipeg, Sioux Falls, Des Moines, au mji wowote wa katikati ya Amerika ya Kaskazini ambako ardhi ni mfinyanzi na baridi haina masihara. Wengi wetu tumetoka kwenye nyumba ambazo msingi wake unaishia magotini. Huku msingi ni chumba kizima: kuta za futi 7 au 8 zimezikwa ardhini, na nyumba imekaa juu yake. Aliyekuuzia alikuonyesha jiko na bafu. Ukuta wa besimenti labda alikuwa ameuegemezea kabati.

Sitabembeleza mtu. Ukuta ukibenuka kwa ndani, ujue kuna kitu nje kinausukuma, nacho ni udongo pamoja na maji. Anayetengeneza ukuta akaacha kinachousukuma anatupa pesa. Masharti yote yanayofuata yametoka hapo.

Elewa kinachosukuma kabla hujagusa kitu. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani hukadiria kwamba msukumo wa udongo wa mfinyanzi huongezeka kwa ratili 60 kwenye kila futi ya mraba ya ukuta, kwa kila futi moja unayoshuka. Ukifika futi 7 chini, kila futi ya mraba imebeba ratili 420. Chukua ukuta wa urefu wa futi 30 uliozikwa futi 7, ujumlishe: unapata ratili 44,000 hivi, yaani tani 20. Na hiyo ni hesabu ya udongo uliotulia, haujavimba wala haujaganda.

Sasa uvimbe. Bonde la Mto Red, linalopita kati ya Dakota Kaskazini na Minnesota hadi Winnipeg, ni sakafu ya ziwa la kale liitwalo Agassiz, lililojaa maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu. Ziwa liliondoka, likaacha mfinyanzi laini wa kina kirefu. Ndani yake yamo madini ya jamii ya smektaiti, ambayo yakinywa maji hutanuka na yakikauka husinyaa hadi ardhi ikapasuka mianya. Aliyewahi kujenga kwenye udongo mweusi wa Embakasi na Athi River, au kwenye mbuga za Shinyanga, anaijua tabia hii, maana madini ni ya jamii ileile. Asichokijua ni baridi inavyoongeza juu yake. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, lakini mfinyanzi hauishii hapo: vinyweleo vyake huvuta maji zaidi kutoka chini, yakaungana na barafu iliyokwisha kujengeka, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linadai nafasi yake. Minnesota hutaka misingi ishuke inchi 42 katika kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, kwa sababu huko ndiko jalidi, ile baridi inayogandisha udongo, inakoweza kufika.

Kisha kuna mchezo wa mwaka mzima. Majira ya joto udongo unasinyaa na kuachana na ukuta, pengo linabaki wazi, humo vinaanguka vumbi, kokoto na majani. Mvua zikirudi udongo unavimba na kukuta nafasi yake imekaliwa. Unasukuma ukuta. Ukuta unasogea kidogo, usirudi. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Ndiyo maana nyumba iliyokaa miaka 40 bila tatizo inaweza kubenuka mbele ya macho yako, nawe ukadhani umerogwa.

Soma nyufa kabla ya kuita mtu. Ufa wa mlalo, unaofuata mstari wa saruji kati ya bloku na bloku, katikati ya ukuta au juu kidogo, ndio alama ya ukuta unaobenuka. Ukuta umeshikwa juu na sakafu ya nyumba na chini na sakafu ya zege. Unaposukumwa, unapinda katikati, uso wake wa ndani unavutika, na saruji haijui kuvutika. Karibu na kona utaona nyufa za ngazi, kwa sababu kona ni ngumu na haifuati mwendo wa katikati. Ufa mwembamba wa wima kwenye ukuta wa zege iliyomwagwa mara nyingi ni wa kusinyaa kwa zege tu, unaweza kuleta maji lakini hauleti nyumba chini. Kinachotakiwa kukutisha zaidi ni ukuta unaoteleza kwa chini: mstari wa kwanza wa bloku umebaki mahali pake na wa pili umeingia ndani ya chumba. Huo hauna tiba ya bei rahisi.

Pima, andika tarehe, pima tena. Usiniambie "naona kama umeongezeka." Piga msumari kwenye boriti ya sakafu ya juu, inchi 2 au 3 kutoka ukutani, ning'iniza timazi, subiri itulie. Pima umbali kati ya uzi na uso wa bloku kila baada ya futi moja, kutoka juu hadi chini. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ndiyo ubenukaji wako. Rudia kila baada ya futi 4 kwa urefu wote wa ukuta, maana katikati hubenuka kuliko pembeni. Kwenye ufa, chora alama mbili kwa penseli, moja kila upande, uandike umbali wake. Pima mwishoni mwa majira ya joto udongo ukiwa mkavu, na pima tena majira ya kuchipua theluji inapoyeyuka. Ukuta uliobenuka inchi 1 na kusimama hapo tangu zamani ni jambo moja. Ukuta uliobenuka nusu inchi tangu Oktoba ni jambo jingine kabisa, na huo wa pili ndio wa kukimbiliwa.

Usizibe ufa ukadhani umemaliza. Ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta imetulea vibaya katika jambo hili. Hapa ufa ni kipimo chako. Ukiujaza saruji na kuupaka rangi umevunja saa ukutani ili usijue muda. Halafu ile saruji mpya iliyoingia ndani ya ufa inazuia ukuta usirudi hata ungeweza kurudi. Rangi ya kuzuia maji ni hivyo hivyo: inaficha unyevu kwa msimu mmoja, kisha inachubuka. Rangi haishiki tani 20.

Usifunike ukuta kwa jipsamu. Hasa usifanye hivyo kwa sababu mgeni anakuja, au kwa sababu unataka kupangisha besimenti. Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi, ukute ukuta mmoja umefunikwa upya na mingine mitatu imeachwa wazi, uliza kwa nini. Omba kufunua kipande. Mwenye nyumba akikataa, umepata jibu.

Anza na maji, tena leo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 25 linamwaga lita 2,500. Kama gata zako zimejaa majani, au bomba la gata linaishia kwenye kona ya nyumba, lita zote hizo unazimimina wewe mwenyewe nyuma ya ukuta unaoulalamikia. Safisha gata mara mbili kwa mwaka. Ongeza bomba hadi maji yamwagike futi 6 hadi 10 kutoka ukutani, na yasielekee kwa jirani. Kagua mteremko: kanuni inataka ardhi ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza. Nyumba nyingi za zamani zina mteremko wa kinyume, kwa sababu udongo uliojazwa pembeni mwa ukuta siku za ujenzi ulishuka taratibu. Ongeza udongo, ushindilie, lakini usifike kwenye mbao za nyumba. Acha angalau inchi 6 za msingi zionekane.

Tazama njia ya gari iliyo kando ya nyumba. Zege ikizama upande wa ukuta inakuwa sinia la kupeleka maji msingini. Vitanda vya maua vilivyozungushiwa ukingo vinafanya kazi hiyohiyo, tena kwa mapambo.

Kama kuna pampu kwenye shimo la besimenti, ijaribu kabla ya theluji na kabla ya kuyeyuka. Bomba lake la nje liwe na mteremko ili maji yasibaki ndani yakaganda. Bomba likiziba kwa barafu mwezi wa pili, pampu itazungusha maji palepale hadi iungue. Usiunganishe bomba hilo na mfereji wa majitaka. Miji mingi hairuhusu.

Ukame nao uutazame. Mti mkubwa karibu na nyumba unakausha mfinyanzi upande mmoja na kuupasua. Winnipeg wapo wanaonyunyizia ardhi ya pembeni mwa nyumba kidogo kidogo wakati wa kiangazi kikali ili unyevu usibadilike ghafla. Kunyunyizia, nimesema. Kuacha mpira wa maji ukitiririka usiku kucha ni kitu kingine.

Usikate sakafu pembeni mwa ukuta bila kuushikilia kwanza. Mkandarasi wa mifereji ya ndani atakuja kukuuzia bomba la kukusanya maji chini ya sakafu, kuzunguka besimenti nzima. Ni kifaa kizuri. Bloku zina matundu, maji hujaa ndani yake, na mfereji huo huyatoa. Lakini ili kuuweka, wanakata zege ya sakafu kando ya ukuta, na ile zege ndiyo inayozuia ukuta usiteleze kwa chini. Kwenye ukuta mzima hakuna neno. Kwenye ukuta uliobenuka, kukata urefu wote kwa siku moja ni kuondoa kigingi cha mwisho. Wafanye vipande vifupi vifupi, wajaze zege kimoja kabla ya kwenda kingine, au ukuta uimarishwe kwanza. Mkandarasi asiyekuelewa unapolitaja hili, mwonyeshe mlango.

Usilundike theluji ukutani. Iliyofagiwa kwenye njia ya gari iende mbali. Itayeyuka yote kwa siku chache, ardhi ya chini ikiwa bado imeganda na haipitishi maji.

Usiegeshe kizito kando ya ukuta. Lori la kuzoa taka za ukarabati, trekta, rundo la mchanga, hata gari la familia likiwa futi 3 kutoka ukutani: uzito wake unashuka ardhini na kugeuka msukumo wa pembeni.

Usizime joto la nyumba wakati wa baridi. Nyumba yenye joto hupasha joto udongo unaoigusa, jalidi ikakaa mbali na ukuta. Nyumba iliyoachwa tupu, mwenyewe amesafiri kwenda Bujumbura au Mombasa miezi mitatu na kuzima hita ili kuokoa gesi, inaganda hadi msingini. Mabomba yanapasuka, hilo kila mtu analijua. Ukuta unaosukumwa na udongo ulioganda moja kwa moja mgongoni mwake, hilo wengi hulijua wakirudi. Sababu hiyohiyo inakutaka uulize kabla ya kupachika sponji la kuzuia baridi upande wa ndani wa ukuta dhaifu. Nyumba itapata joto, gharama itashuka, na udongo wa nje utapoa zaidi kuliko ulivyozoea. Sisemi usiweke. Nasema imarisha ukuta na uondoe maji kwanza.

Usitoboe dirisha la kutokea kwenye ukuta uliobenuka. Najua unataka kufanya chumba cha kulala chini, na kwamba chumba cha kulala hakikubaliki bila njia ya kutokea wakati wa moto. Toboa ukuta mwingine.

Mwite mhandisi kabla ya muuzaji. Kampuni nyingi za kutengeneza misingi hutangaza ukaguzi wa bure. Anayekuja ni muuzaji, mara nyingi anayelipwa kwa asilimia, na kampuni yenye kuuza nanga za kushikilia ukuta itaona ukuta wako unahitaji nanga. Mhandisi wa miundo mwenye leseni ya jimbo, unayemlipa wewe mwenyewe, hauzi nanga wala mkanda wa kaboni. Atapima, ataangalia boriti zinaelekea wapi, ataandika ripoti na kutia mhuri wake. Ukishaipata hiyo karatasi, waite wakandarasi watatu watoe bei ya kazi ileile iliyoandikwa humo. Bila hiyo, utalinganisha bei za vitu vitatu tofauti na kuchagua kwa tabasamu la mtu.

Usitie saini siku hiyohiyo. Utaambiwa punguzo linaisha leo jioni. Punguzo la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili yako. Marekani kuna kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara inayokupa hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba uliouziwa nyumbani kwako, na muuzaji anatakiwa akupe fomu ya kuuvunja. Kama mazungumzo ya kukuuzia yalifanyika kwa Kiswahili, basi mkataba nao unatakiwa uwe kwa Kiswahili. Jihadhari na karatasi ya kuandika kwa mkono wako kwamba hali ni ya dharura na umejiondolea haki hiyo. Usiiandike.

Na neno moja kwetu sisi. Yule fundi wa kanisani au wa msikitini aliyekumwagia zege ya baraza vizuri, tena kwa bei ya ndugu, mwache abaki kwenye baraza. Ukuta wa kubeba nyumba unataka leseni, bima ya kazi na kibali cha mji. Ikitokea ajali akiwa amesimama ndani ya shimo lako bila hivyo vitatu, undugu utaishia mahakamani, kama si makaburini.

Chagua tiba kwa kipimo. Ziko njia nne kubwa, na kila moja ina mahali pake.

Mikanda ya nyuzi za kaboni hugundishwa ukutani kwa epoksi, kutoka juu hadi chini. Inafanya kazi kwa kuvutika: inabana ule uso wa ndani ambao saruji ilishindwa kuubana. Haichukui nafasi, unaipaka rangi, unasahau. Lakini hainyooshi ukuta. Inausimamisha pale ulipofika. Wengi hawaitumii ubenukaji ukishapita inchi 2. Haifai ukuta unaoteleza chini wala unaoinamia ndani kwa juu, na mkanda ambao haukufungwa kwenye mbao za juu na kwenye sakafu chini ni plasta ya gharama kubwa. Rangi yote ya zamani inatakiwa isagwe hadi bloku ionekane, na ukuta uwe mkavu. Ukiona fundi anapaka epoksi juu ya rangi, msimamishe.

Nguzo za chuma zenye umbo la herufi I husimamishwa wima ukutani, kwa kawaida kila baada ya futi 4 hadi 6. Zinavumilia mengi. Ugomvi wake uko kwenye ncha. Chini, nguzo iketi imara kwenye zege. Juu, uliza boriti zinaelekea wapi. Zikiwa zinaukabili ukuta, nguzo inafungwa kwenye boriti. Zikiwa zinakwenda sambamba na ukuta, boriti moja haiwezi kubeba msukumo huo. Itapinda kama ulimi. Hapo lazima viwekwe vipande vya mbao kati ya boriti kadhaa, ili nguvu igawanywe kwenye sakafu nzima. Ukuta ulio sambamba na boriti ndio hubenuka mapema katika nyumba nyingi, kwa sababu hiyo hiyo, na ndio ambao mafundi wa haraka hufunga nguzo kwa skurubu mbili na kuondoka. Kagua mwenyewe kwa tochi. Na pengo lililobaki kati ya nguzo na ukuta uliopinda lijazwe saruji isiyosinyaa, la sivyo nguzo inasubiri ukuta uje kuigusa.

Nanga huunganisha ukuta na ardhi tulivu ya uani. Bamba la chuma linazikwa futi 10 au zaidi kutoka nyumbani, fito inapita chini ya ardhi, bamba la pili linakaza ndani. Zinaweza kukazwa kidogo kidogo kwa miaka na ukuta ukarudi nyuma. Zinataka uwanja, na uwanja uwe wako. Nanga iliyozikwa chini ya bustani ya jirani ni kesi inayosubiri mnunuzi. Bamba la nje liwe kwenye udongo ambao haujawahi kuchimbwa, chini ya jalidi, la sivyo linacheza na msimu pamoja na ukuta wako. Mahali penye uwanja finyu, hutumika vyuma vyenye mabawa ya skurubu vinavyozungushwa ardhini kwa mashine kupitia ukutani. Faida yake ni kwamba nguvu iliyohitajika kuvizungusha hupimwa, na kutokana nayo mhandisi anajua vitabeba kiasi gani. Dai uandikiwe vipimo hivyo kimoja kimoja.

Ya nne ni kuchimba nje, kuondoa udongo, kuunyoosha ukuta au kuujenga upya kwa nondo na zege ndani ya bloku, kuweka mfereji msingini na kujaza kokoto. Ni ghali kuliko zote, inavuruga bustani, na ndiyo peke yake inayoondoa kinachosukuma. Ubenukaji ukikaribia inchi 6, au ukuta ukiwa unateleza kwa chini, mhandisi huenda asikupe jingine. Nyumba inashikiliwa kwa nguzo za muda wakati ukuta unabomolewa. Usibishane naye kwa sababu mtu wa kampuni fulani aliahidi kaboni.

Usisukume ukuta kwa jeki kutoka ndani. Nje umejaa mfinyanzi mbichi wa tani 20, ndani una jeki ya gari. Ukuta hautarudi, bloku ndiyo itapasuka, au sakafu iliyo nyuma ya jeki. Ukuta hunyooshwa udongo ukiwa umeondolewa nje, au kwa nanga, kidogo kidogo, wakati ardhi ni kavu. Nanga hazikazwi majira ya baridi wala wakati wa kuyeyuka, hata kama fundi ana nafasi wiki hiyo.

Usichimbe kwa mikono yako na shemeji zako. Sheria za usalama kazini za Marekani hutaka mtaro wa kina cha futi 5 au zaidi uwe na kinga ya kuzuia kuporomoka, isipokuwa umechimbwa kwenye mwamba imara. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, na mfinyanzi una hila ya kusimama wima siku nzima kisha kushuka wote kwa pigo moja. Anayefukiwa hadi kifuani hawezi kuvuta pumzi. Kabla ya jembe la kwanza, hata kwa nanga moja, ukiwa Marekani piga 811. Ni bure, na wanakuja kuchora mahali yalipo mabomba ya gesi na nyaya za umeme. Subiri wachore.

Usirudishe mfinyanzi uleule ukutani. Umechimba, umetumia maelfu ya dola, halafu mwenye tingatinga anataka kusukumia shimoni lile rundo alilolitoa kwa sababu liko karibu. Mkatalie. Nyuma ya ukuta ziingie kokoto safi zinazopitisha maji, kuanzia kwenye mfereji wa chini, na kitambaa cha kuchuja kati yake na udongo. Juu kabisa ndipo panawekwa tabaka la mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, lenye mteremko, ili maji ya juu yasiingie kwenye kokoto. Mabonge yaliyoganda yasiingie hata moja. Yakiyeyuka yanaacha mapango. Na hakuna kujaza kabla ukuta mpya haujapata nguvu na kushikwa na sakafu juu. Kuta mpya nyingi hubenuka siku ya kujazwa, tingatinga likiwa ubavuni.

Panga kazi kwa msimu. Mwisho wa majira ya joto ni wakati wake: udongo umesinyaa, msukumo ni mdogo, epoksi inashika, mashine hazizami topeni. Kwa hiyo mhandisi aitwe majira ya kuchipua, bei zipatikane mapema, kibali kiombwe. Anayeanza kupiga simu mwezi wa kumi anapanga foleni na wenzake wote waliokuwa wakisubiri.

Toka ukiona haya. Vipande vya bloku vinaanguka. Kuna mlio wa kupasuka. Ufa ulioingiza kadi ya benki jana leo unaingiza kidole. Mwanga wa nje unaonekana kati ya ukuta na mbao za juu, au milango ya juu imekataa kufungika ghafla. Watoto wasilale chini usiku huo. Kama bomba la gesi au hita ya maji imefungwa kwenye ukuta huo, funga gesi na uite kampuni ya gesi. Mhandisi aje siku hiyo, na nguzo za muda ziwekwe kwa maelekezo yake.

Usitegemee bima. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani haigharamii mwendo wa ardhi wala msukumo wa maji ya chini. Soma mkataba wako, lakini weka akiba.

Pima radoni baada ya kazi. Wilaya zote za Iowa na za Dakota Kaskazini ziko kwenye kundi la hatari kubwa zaidi la gesi hiyo katika ramani ya shirika la mazingira la Marekani, na kazi ya kutoboa sakafu na kuta hubadilisha njia zake za kuingilia. Kipimo ni cha bei ndogo.

Tunza karatasi. Ripoti ya mhandisi, mchoro, kibali, cheti cha mkaguzi wa mji, picha za kila hatua kabla ya kufukiwa, vipimo vyako vya timazi na tarehe zake, na dhamana ya mkandarasi. Kwenye dhamana soma mambo mawili: inahamia kwa mnunuzi au inakufa ukiuza, na inagharamia ukuta kusogea tena au inagharamia tu kifaa kilichovunjika. Dhamana nyingi za "maisha yote" ni za kifaa. Endelea kuning'iniza timazi mara mbili kwa mwaka hata baada ya kumaliza, kwenye msumari uleule. Siku utakapouza, mnunuzi atakuja na mkaguzi wake, na mkaguzi atasimama mbele ya nguzo zile za chuma akauliza nani aliziagiza. Mpe faili.